Gavana wa Washington 2004: kura 129, na ile barua ya sahihi uliyoitupa

SWALI: "Mwalimu salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Likoni Mombasa, saa hii naishi Kent hapa jimbo la Washington mwaka wa tisa. Nilipata uraia 2023, na 2024 ndo nikapiga kura huku mara ya kwanza, ya rais na ya gavana pamoja, kwenye ile bahasha inayokuja nyumbani. Baada ya siku kadhaa ikaja barua ya kaunti kwamba sahihi yangu haifanani na waliyonayo. Nikaogopa, nikadhani nimefanya kosa litakaloniharibia uraia, nikaitupa. Sasa juzi jamaa mmoja kazini akaniambia usijisumbue na kura za huku, 2004 Rossi alishinda ugavana mara mbili alafu wakaokota kura mahali wakampa yule mama, kwa hivyo hata yako imeenda huko huko. Kaka yangu nyumbani naye ananicheka, anasema kwetu fomu inabandikwa mlangoni usiku ule ule, nyie mnahesabu wiki tatu mnahesabu nini? Naomba uniambie ukweli, iliibwa? Na kura yangu mimi ilienda wapi?"

JIBU: Salaam dada yangu, na hongera ya uraia. Swali lako lina mambo mawili yamefungwa kwenye fundo moja. La kwanza ni la 2004, kama yule mama alipewa kiti kisicho chake. La pili ni lako, na nahisi ndo linalokunyima usingizi, ile barua. Nianze na lako kidogo ili roho itulie, alafu nirudi kwenye 2004, manake kisa cha 2004 chenyewe kilianza na sahihi kama yako.

Ile barua haikuwa ya mashtaka wala haikuhusu uhamiaji. Ni barua ya kawaida kabisa inayotumwa kwa maelfu ya watu kila uchaguzi, wazungu waliozaliwa hapa hapa wanaipata, watoto wa chuo wanaipata sana. Ilikuwa inakuambia tu, tumepokea bahasha yako, jina ni lako, ila sahihi iliyo nje ya bahasha hatuoni kama ni ya mtu yule yule tuliyenaye kwenye daftari, tafadhali tuthibitishie. Ungejaza ile fomu ukasaini ukairudisha, kura yako ingehesabiwa. Ulipoitupa, nakuambia kweli ingawa inauma, karibu hakika kura yako ya 2024 haikuhesabiwa. Hakuna aliyeipeleka kwa mtu mwingine na hakuna aliyeifungua akaona umemchagua nani. Ilibaki imefungwa ndani ya bahasha yake.

Sasa twende 2004, na nivumilie kidogo kwa urefu.

Mwaka ule Gavana Gary Locke alikuwa anaondoka, kiti kikawa wazi. Wakasimama Christine Gregoire wa Democratic, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na Dino Rossi wa Republican, aliyekuwa seneta wa jimbo. Alikuwepo pia Ruth Bennett wa chama kidogo cha Libertarian, aliyepata kura zaidi ya elfu sitini. Uchaguzi ulikuwa tarehe 2 Novemba. Watu kama milioni mbili na laki nane wakapiga kura. Hesabu ya kwanza ilipofungwa, Rossi alikuwa mbele kwa kura 261. Jimbo zima, dada, kuanzia Seattle hadi mpaka wa Idaho, tofauti ni watu wanaojaza ukumbi mmoja wa harusi.

Sheria ya huku inasema tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho lazima mashine zihesabu tena, hakuna wa kuomba wala wa kukataa. Zikahesabu tena, Rossi akabaki mbele kwa kura 42. Hapo ndo jamaa yako anaposema "alishinda mara mbili". Ni kweli aliongoza mara mbili, na si kidogo, watu waliomchagua walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini sheria ilikuwa bado imeacha mlango mmoja, kuhesabu kwa mkono, karatasi moja moja, na chama kinachotaka hivyo kinaweka pesa kwanza. Democratic wakaweka dola 730,000, kwa makubaliano kwamba matokeo yakigeuka wanarudishiwa, yasipogeuka imekula kwao. Yakageuka. Mwisho wa yote Gregoire akawa na kura 1,373,361 na Rossi 1,373,232. Tofauti 129.

Najua unachouliza moyoni, kura zile zile zinahesabiwa vipi mara tatu zinatoa majibu matatu?

Mashine ya kura inasoma wino mahali panapotakiwa. Ukijaza kile kiduara vizuri inaona. Lakini watu hawajazi wote vizuri, mwingine anazungushia jina la mgombea, mwingine anaweka alama ya tiki pembeni, mwingine anajaza kwa Rossi alafu anafuta anaandika hapana na kujaza kwa Gregoire. Mashine inaona hakuna kitu, au inaona vitu viwili, inaruka. Mtu akiishika ile karatasi mkononi anaelewa mara moja mwenyewe alitaka nini, na sheria ya Washington inasema nia ya mpiga kura ikionekana ihesabiwe. Mezani wanakaa watu wa vyama vyote viwili, kila mmoja anaiona. Kwa hiyo hesabu ya mkono karibu kila mara inaongeza kura, za pande zote mbili, na zinaongezeka zaidi pale wenye kura wengi walipo. Kaunti ya King, hapo Seattle na hapo kwako Kent, ndo kubwa kuliko zote na ni ngome ya Democratic. Hata kama hakuna mtu aliyekosea kwa makusudi, unaweza kuona mwelekeo.

Ila hilo peke yake halitoshi kueleza zile 129, na hapa ndo nakuja kwenye "kura zilizookotwa".

Katikati ya Disemba, hesabu ya mkono ikiwa inaendelea, mwenyekiti wa baraza la kaunti ya King, Larry Phillips, alikuwa anapitia orodha ya watu wa mtaa wake ambao kura zao zilikataliwa. Anashuka na majina, anashuka, mara anakuta jina lake mwenyewe. Mwenyekiti wa baraza! Kura yake ilikuwa imewekwa kwenye fungu la zilizokataliwa kwa sababu sahihi yake haikuonekana kwenye kompyuta. Wakati ule sahihi za kwenye daftari zilikuwa zimepigwa skani kuingizwa kwenye sistimu, na za baadhi ya watu hazikuingia. Utaratibu ulitaka karani akikosa sahihi kwenye kompyuta aende kwenye kabati atoe kadi ya karatasi ambayo mtu alisaini siku anajiandikisha, alinganishe. Hawakwenda. Wakaandika tu imekataliwa.

Walipochimba wakakuta si yeye peke yake, ni mamia ya watu, mwanzo wakasema 573, baadaye orodha ikafika 735. Hizo ndo kura "zilizookotwa". Hazikuletwa na gari usiku. Zilikuwa ndani ya jengo la uchaguzi tangu Novemba, kila bahasha ina jina na sahihi ya mtu anayejulikana anakaa wapi, na kosa lilikuwa la ofisi.

Republican wakaenda mahakamani kuzizuia, na hoja yao usiidharau, walisema kuhesabu upya maana yake ni kuhesabu zilizohesabiwa, sio kurudi kwenye kapu la zilizokataliwa kwenye kaunti moja tu inayompendelea mpinzani wetu, wakati kaunti nyingine zimeshafunga. Jaji wa kaunti ya Pierce akawakubalia. Mahakama ya Juu ya jimbo ikatengua tarehe 22 Disemba, ikasema kaunti ikigundua imekosea ina haki ya kusahihisha kabla matokeo hayajaidhinishwa. Lakini kumbuka na hili, mahakama hiyo hiyo siku chache kabla ilikuwa imewakatalia Democratic walipotaka kura zote zilizokataliwa jimbo zima zipitiwe upya. Kila upande ulikula shubiri yake kwenye meza ile ile.

Kabla ya hizo kura kuingizwa, hesabu ya mkono ilikuwa imeshamweka Gregoire mbele kwa kura kama kumi hivi. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani zile 735 peke yake ndo zilimgeuza. Zilipanua tu, na si zote 735 zilikubaliwa, zilizokutwa na kasoro kweli zikabaki nje.

Tarehe 30 Disemba matokeo yakaidhinishwa. Aliyeyasaini ni Sam Reed, katibu wa jimbo anayesimamia uchaguzi, na Sam Reed ni Republican, chama cha Rossi. Watu wa chama chake walimtukana sana. Mi nikifundisha habari hii huwa nakaa hapo kidogo, manake huyu mtu kama angetaka kuvuta muda angepata sababu mia, na hakufanya hivyo. Gregoire akaapishwa Januari 2005.

Sasa iliibwa?

Rossi hakukubali, akafungua kesi, na kesi ikasikilizwa Wenatchee, kaunti ya Chelan, upande wa mashariki ya milima, ambako yeye Rossi alikuwa ameshinda. Jaji John Bridges alisikiliza wiki mbili, na tarehe 6 Juni 2005 akasoma uamuzi. Alikuta nini? Alikuta kura haramu 1,678. Ndiyo, sikufichi. 1,401 zilikuwa za watu waliowahi kufungwa kwa makosa makubwa na haki yao ya kupiga kura haijarudishwa, 252 za muda, yaani zinazopokelewa kwanza kabla haijathibitishwa kama mtu ana haki ya kupiga kura, ambazo zilitakiwa zihakikiwe lakini hazikuhakikiwa ipasavyo, 19 za marehemu, na 6 za waliopiga mara mbili. Kura haramu ni mara kumi na tatu ya zile 129! Na miezi michache baada ya uchaguzi kaunti ya King wakakuta tena kura halali zaidi ya tisini hawakuzihesabu kabisa. Kazi ilikuwa mbovu, na anayekuambia 2004 kila kitu kilikwenda sawa anakudanganya kama anayekuambia iliibwa.

Lakini kesi ilishindwa, na sababu yake ndo moyo wa jambo zima. Kura ikishatoka kwenye bahasha haina jina. Unajua fulani alipiga kura haramu, hujui alimpigia nani. Mawakili wa Republican wakaleta hesabu, wakasema mtaa ambao Gregoire alipata sita kati ya kumi, basi kura haramu za mtaa ule tuseme sita kati ya kumi zilikuwa zake, tuzikate. Jaji akakataa. Chukua mfano wa Kongowea, dada. Tuseme kati ya watu kumi wanaoingia sokoni sita hununua nyanya. Ukimkamata mmoja anatoka bila kulipa huwezi kumwambia lazima umebeba nyanya kwa kuwa wengi wananunua nyanya, itabidi ufungue kikapu uone. Na kura ni kikapu ambacho sheria inakataza kukifungua. Alafu waliowahi kufungwa wengi ni wanaume, hawafanani na mtaa mzima, kwa hiyo ile hesabu ya mtaa haikuwa na miguu hata kwa takwimu.

Ushahidi wa kweli uliopatikana, wa watu walioeleza walimpigia nani, ulikuwa wa watano tu, wanne walisema walimpigia Rossi na mmoja Bennett. Jaji akawatoa hao. Tofauti ikatoka 129 ikawa 133. Rossi akasema hakati rufaa. 2008 wakakutana tena yeye na mama yule yule, Gregoire akashinda wazi, karibu asilimia 53.

Na wizi wenyewe, yaani mtu kupanga na kutekeleza? Jaji hakuona ushahidi wake. Aliona uzembe, mafunzo haba, makaratasi yasiyolingana. Kwa hiyo jibu langu ni hili, dada. Hakuna aliyethibitisha wizi, na waliokuwa na kila sababu ya kuuthibitisha walipewa mahakama waliyoichagua na muda wa kutosha. Lakini ukiniuliza je kuna mtu anayejua kwa uhakika kabisa nani alipata moja zaidi kati ya milioni mbili na laki nane, hapana, tofauti ilikuwa ndogo kuliko makosa ya kuhesabu. Ikifika hapo kinachobaki ni utaratibu uliowekwa kabla ya mtu kujua utamsaidia nani, na huo ulifuatwa hadi mwisho.

Hapa najua kaka yako atauliza, mbona sisi 2017 Mahakama ya Juu Nairobi ilifuta uchaguzi wa rais? Kweli, tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili, na ukarudiwa Oktoba 26. Ni kwamba wale majaji walisema tunaangalia pia njia iliyotumika kufikia hizo namba, sio namba peke yake, njia ikiwa imevunja katiba hatuhitaji kuonyeshwa kura ngapi zilihama. Jaji wa Wenatchee alikuwa na sheria nyingine, inayotaka mlalamikaji aonyeshe kwamba makosa ndo yaliyobadilisha mshindi. Zote mbili zina hoja. Mimi binafsi naona ya Kenya inawabana zaidi wasimamizi wafanye kazi safi, na ya Washington inalinda zaidi kura ya mtu ambaye hakukosea chochote isifutwe kwa uzembe wa karani. Mnaweza kubishana na kaka yako mpaka asubuhi, ni ubishi mzuri.

Mwambie na hili la fomu mlangoni. Hakosei, ile fomu 37A ya gavana kubandikwa kituoni ni kitu kizuri sana, mtu anapiga picha na simu yake na namba haiwezi kubadilika njiani bila watu kuona. Lakini kwenu mtu anakuja kituoni mwenyewe, anaonekana, kidole kinapakwa wino, jioni sanduku linafunguliwa, kwisha. Washington hakuna vituo vya mtaani kama vya kwenu. Tangu 2011 sheria inataka kaunti zote zipige kura kwa bahasha. Bahasha inakuja nyumbani siku kama 18 kabla, unaijaza, unaitia posta au kwenye lile sanduku la chuma la barabarani mpaka saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Na ya posta inakubaliwa ikifika hata siku kadhaa baadaye, bora muhuri wa posta uwe wa siku ya uchaguzi au kabla. Sasa watu wengi wanasubiri mpaka siku ya mwisho, nusu ya jiji linaenda kwenye sanduku jioni ile. Kila bahasha lazima sahihi yake iangaliwe kabla haijafunguliwa. Ndo maana namba zinaendelea kupanda siku baada ya siku, na kaunti inaidhinisha siku 21 baada ya uchaguzi. Zinazohesabiwa mwisho mara nyingi ni za vijana na watu wa mjini kwa sababu ndo wanaochelewa, basi utaona Democratic wanapanda wiki ya pili. Hakuna uchawi. 2024 Bob Ferguson alimshinda Dave Reichert kwa asilimia kama 55 kwa 44, pengo lile lilionekana usiku wa kwanza, hakuna aliyeshtuka. Shida ni pale pengo likiwa nywele.

Na kama unataka kujua wamejifunza au la, angalia Agosti ule ule wa 2024. Kwenye mchujo wa kamishna wa ardhi za umma, ambapo wawili wa kwanza ndo wanaokwenda uchaguzi wa Novemba, nafasi ya pili ilikuwa na tofauti ya kura 51 jimbo zima, kwenye kura kama milioni moja na laki tisa. Wakahesabu kwa mkono kaunti zote. Ikatoka 49. Tofauti imesogea kwa kura mbili tu! Linganisha na 2004, ilikuwa 261, ikaja 42, ikaja 129 upande wa pili. Mi niliposikia ile 49 nilifurahi kama mtu aliyefaulisha mtoto.

Turudi kwenye sahihi yako sasa.

Sahihi waliyonayo ya kwako waliitoa wapi? Mara nyingi ni ile uliyosaini ofisi ya leseni ya udereva, kwenye kile kidude cha kioo, kwa kalamu isiyo na wino, umesimama, foleni nyuma yako. Inatoka kama mchoro wa mtoto. Alafu kwenye bahasha umekaa mezani kwako unasaini vizuri kwa jina lako lote. Karani anaona picha mbili kwenye skrini, moja juu moja chini, anaangalia mlalo wa herufi, mwanzo, mkia, nafasi kati ya majina. Akiona hazifanani anampa mwingine. Wakikubaliana hazifanani, barua inakuja. Wengine sababu ni kubadilisha jina baada ya ndoa, wengine uzee au mkono unaouma. Na kuna moja inayotokea sana kwenye nyumba zetu, mke na mume bahasha zimekaa pamoja mezani, kila mmoja anasaini ya mwenzake bila kujua. Waulizane hapo nyumbani.

Usije ukadhani pia ni wewe tu na kalamu yako. Mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti 2022 kuhusu uchaguzi wa 2020, akakuta kura za watu weusi zilikataliwa kwa kiwango karibu mara nne ya kile cha wazungu. Hakuona ushahidi kwamba waliokagua sahihi walibagua, ila pengo lipo, na wapiga kura wapya na vijana nao wamo humo kwa wingi. Hilo linaniudhi, na nitaendelea kulisema kila ninapopata nafasi, kwa sababu mtu mgeni wa utaratibu akipata barua yenye nembo ya serikali anaogopa anaitupa, kama wewe ulivyoitupa, na kura yake inaishia kabatini.

Una njia tatu. Unaweza kusubiri uchaguzi mwingine ukajaribu kusaini kama ile ya leseni, lakini huenda hukumbuki ulisaini vipi, mi siishauri. Unaweza kujaza fomu ya kubadilisha sahihi ukaituma kwa posta, hiyo inatosha na haina gharama. Au unaenda mwenyewe ofisi ya uchaguzi ya kaunti, unaomba kusaini upya mbele yao, unawauliza pia hali ya kura yako ya 2024 ilikuwaje, watakuambia ilipokelewa lini na kwa nini haikuhesabiwa. Kwa mtu aliyeogopa kama wewe mi nakwambia nenda. Ukitoka pale woga wote umeisha, na ukishindwa na Kiingereza cha ofisini omba mkalimani, usione haya. Kuanzia hapo kila ukituma bahasha ifuatilie kwenye tovuti ya jimbo inayoitwa VoteWA, inakuonyesha imefika au la na imekubaliwa au la. Barua ikija tena usisubiri, mwisho wa kurekebisha ni siku moja kabla ya kaunti kuidhinisha.

Kuna mahali pamoja ambapo nakuomba usinisikilize mimi, umuone wakili wa uhamiaji ana kwa ana. Kama kuna mtu hapo nyumbani ana grinikadi tu, bado hajapata uraia, na kwa bahati mbaya ameletewa bahasha ya kura, au alitiki sanduku lisilo lake ofisi ya leseni akaandikishwa, asipige kura, asisaini kitu, asipige simu kaunti kujieleza kabla hajaongea na wakili. Kwa mtu kama huyo kosa dogo la makaratasi linaweza kumletea balaa kubwa. Kwako wewe raia haliko hivyo kabisa. Na usimsainie mumeo hata kama yuko safarini na amekuambia kwa simu umsainie, hilo ni kosa kweli.

Kwa waliowahi kufungwa, nalisema kwa sababu najua baadhi yenu mna kaka na watoto wa namna hiyo na wanaogopa kisa cha 2004 kisiwakute, sheria imebadilika. Tangu Januari 2022 Washington raia akishatoka gerezani haki yake ya kupiga kura inarudi hapo hapo, hangoji kumaliza faini. Inabidi tu ajiandikishe upya.

La mwisho dada, Renton si mbali na hapo Kent, ndipo kaunti ya King wanapohesabia. Kuna njia imezungushiwa vioo, mwananchi yeyote anaingia anazunguka anaangalia meza zote, wanaofungua bahasha, wanaoangalia sahihi, mashine. Uchaguzi ujao chukua watoto wako jioni moja mwende, simama pale penye meza ya sahihi uone skrini zile mbili, ya juu na ya chini. Alafu mpigie kaka yako video ukiwa hapo hapo.